Nina Udhuru

Ndugu zangu, darsa yetu leo ni ya twahara, na naona wengine mmeshaanza kutazama mlango. Tulieni. Nina habari ya kinyozi mmoja, na kabla hamjaanza kupigana viwiko, si kinyozi wa mtaa huu.

Kinyozi huyo alikuwa na sahibu yake, muuza nafaka. Tangu ujana wao walikuwa wakiswali bega kwa bega safu ya mbele, na mmoja akichelewa, mwenzake humwekea nafasi.

Basi kinyozi akapatwa na jambo. Anakwenda chooni, anamaliza haja ndogo, anajitwaharisha vizuri, anatoka. Hajafika mbali, tone. Anainama kuvua viatu, tone jingine. Si mkojo mwingi, lakini nguo imeshaingia najisi na udhu umeshatenguka. Anarudi kuosha, anatawadha upya. Akihisi ubichi tena, na pengine ni maji tu ya kutawadhia, anarudi tena. Huku ndani imamu ameshatoa salamu. Ikawa anaswali peke yake, nyuma kabisa karibu na mlango, amechoka na moyo umemwinama. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu. Hata mkewe alimficha. Alianza kufua nguo zake mwenyewe, mama wa watu akadhani anaoa mke wa pili.

Sasa muuza nafaka akawa anaoza binti yake. Akaenda kwa kinyozi na furaha zake, akamwambia ndoa itafungwa msikitini na anamtaka awe shahidi, akae ubavuni pake mbele ya watu wote. Kinyozi akajiona pale mbele, kanzu nyeupe, msikiti umejaa, na tone linashuka. Akajibu maneno mawili tu.

"Nina udhuru."

Hebu niwaulize. Sisi mtu akituambia ana udhuru, tunaelewa nini? Tunaelewa hataki! Ndilo neno letu la kukataa kwa adabu. Ukialikwa usipotaka kwenda, una udhuru. Lakini kwenye fiqhi, mwenye udhuru ni nani? Ni yule ambaye mwili wake umemshinda nguvu, na sheria ikamhurumia. Kinyozi alisema la kitabuni, rafiki yake akasikia la mtaani.

Muuza nafaka akaondoka ana moto moyoni. Akayaunganisha mambo. Kumbe ndiyo maana siku hizi haji safu ya mbele. Kumbe bado ana kinyongo, maana mpwa wake aliwahi kumposa binti huyo akakataliwa. Majirani nao, mnawajua, wakatia kuni. Mwisho akaapa mbele ya mkewe kwamba ndoa ikipita, yeye na kinyozi hawazikani. Na nyinyi mnajua neno hilo lilivyo zito. Mtu kumtupa rafiki wa maisha yake hata jenezani!

Adhuhuri moja watu wameshaswali, muuza nafaka anatoka, akasikia maji yanamwagika chooni bila kukoma. Akaenda kufunga bomba. Akamkuta kinyozi amejiinamia, pindo la kanzu limelowa, na machozi yanamtoka. Yale makali yote aliyokuwa amemwekea siku nyingi akayaacha pale pale mlangoni.

"Watu wameshaswali," akasema. "Unafanya nini huku?"

"Si nilikwambia nina udhuru?" kinyozi akajibu. "Mkojo hauishi. Nikidhani nimemaliza, unanifuata. Nitakaaje mbele ya watu na najisi, kwenye ndoa ya mtoto wetu?"

Mmesikia alivyosema? Mtoto wetu. Muuza nafaka aliona haya, akakosa pa kuuweka uso. Akafunga bomba, akamshika mkono, wakaenda zahanati siku ile ile.

Daktari hakushangaa hata kidogo. Akawaeleza kwamba mrija wa mkojo wa mwanamume una mahali umepinda, na ukimaliza haja, mkojo kidogo hubaki pale. Ukitembea au ukikaa, ndio unatoka. Akasema wanaume wengi linawapata, wazee na vijana, na mara nyingi si ugonjwa wa kutisha. Dawa yake ya kwanza ni kutokimbia. Usubiri kidogo, kisha ubonyeze taratibu kwa vidole nyuma ya korodani na kuvuta kuja mbele, lile lililobaki litoke, ndipo ujisafishe. Na kila siku ufanye zoezi la kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Lakini ukiona damu, au mkojo unachoma, au unatoka kwa shida, au unavuja kutwa nzima, hapo urudi upimwe.

Kinyozi akashukuru, akainuka. Muuza nafaka hakuinuka. Alisogeza kiti mbele, akashusha sauti.

"Daktari, rudia hapo pa vidole. Taratibu."

Kinyozi akageuka akamtazama. Muuza nafaka akatazama dirishani, akasema limempata yeye kabla yake. Wakacheka mpaka daktari akawaomba watoke, kuna wagonjwa wanasubiri. Na ndoa ilipofungwa, kinyozi alikaa shahidi, kanzu yake kavu.

Sasa tujiulize sisi. Mabega yanagusana kila siku, na kila mmoja anaficha lile lile analoficha jirani yake! Huyu bwana alikaribia kumtupa mwenzake kwa maradhi aliyonayo mwenyewe. Ndugu yako akisema ana udhuru, usikimbilie kununa. Mfuate faragha, umuulize kwa upole. Na wewe mwenye tone, mficha uchi hazai. Subiri liishe, vitabu vyetu vinakuita huko kusubiri istibrai, kisha jisafishe uende ukaswali. Usianze kulitafuta. Wasiwasi si uchamungu, na dini hii haikuja kututesa. Na mama zangu nyuma ya pazia, mnaotokwa na mkojo mkikohoa au mkicheka tangu mlipojifungua, msidhani sijawasema nyinyi. Lenu nalo lina tiba.

Nimemwomba daktari mmoja mwanamume na muuguzi mmoja mwanamke, watakaa kwenye vyumba vya madrasa tukishaswali. Anayeona haya kuingia peke yake, amshike mwenzake mkono, aseme anamsindikiza. Sisi hatutauliza nani anamsindikiza nani.