Kiboko na Cheo Kisichokanyaga Nyasi

Paukwa!
Pakawa!
Nyasi za zamani?
Laini kama godoro!
Basi kaeni niwakumbushe.

Zamani hizo, na laiti zingerudi, wanyama wote walicheza gofu. Mwalimu wao alikuwa Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Alifundishwa na marehemu bibi yake, aliyemwachia fimbo moja na uwanja. Cheti hakuwa nacho. Alikushika mkono tu, akakwambia, "Legeza bega, mwanangu," nawe ukapiga, ta! Kipira biringi-biringi-biringi, tumbu! shimoni. Nikizikumbuka siku zile moyo huniuma.

Siku moja akaja Bwana Kiboko, tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Akatangaza:

"Kuanzia leo, bila cheo hakuna kufundisha! Mwalimu wa Kawaida hushika fimbo. Mwalimu Mwandamizi hashiki fimbo, huonyesha kwa kidole. Mkufunzi haonyeshi kwa kidole, hutikisa kichwa. Mkufunzi Mkuu hatikisi kichwa, hulala. Na Mkufunzi Mkuu ni mimi!"

Cheti kilitolewa kwa viazi vitamu. Nyani akaleta kikapu kimoja, akaacha kushika fimbo. Tembo akaleta vikapu viwili, akaacha hata kuonyesha. Kiboko akala, nyam-nyam-nyam, akalala katikati ya uwanja, juu ya mashimo. Gofu ikafa.

"Na wewe, Nguchiro?"

"Sina viazi, bwana mkubwa."

"Basi kesho uhame hapa!"

Bi Nguchiro akaikumbatia fimbo ya bibi yake, akalia. Aende wapi? Uwanja mwingine haujui. Kisha akaanza kuvihesabu vile vyeo vya Kiboko, kimoja kimoja, kutoka chini kwenda juu. Akafuta machozi. Akacheka.

Asubuhi akaenda. "Shikamoo, Mkufunzi Mkuu."

"Marahaba. Umefungasha?"

"Nimefungasha. Nimekuja kukuaga tu, maana Tembo anataka kukupita cheo."

Kiboko akafungua jicho moja. "Anipite mimi? Juu yangu kuna nini?"

"Kuna Mtukufu wa Wakufunzi. Mwandamizi hashiki fimbo, sivyo? Mkufunzi haonyeshi, sivyo? Mkuu hatikisi kichwa, sivyo? Basi Mtukufu hakanyagi hata nyasi! Hukaa majini mchana kutwa, akingoja kuulizwa maswali. Akitoka tu, cheo kimeanguka."

"Tembo? Tembo gani! Hicho changu!"

Tikiti-tikiti-tikiti, Kiboko mbio, chubwi! bwawani.

"Nimekipata?"

"Umekipata, Mtukufu. Usitoke."

Wanyama wakaja mbio, kila mmoja na fimbo yake. Tembo akapiga kipira kikaenda upande. Bi Nguchiro akamshika mkonga. "Legeza bega, mwanangu." Na sauti iliyomtoka, jamani, ilikuwa ya bibi yake kabisa.

Kiboko yumo majini hadi leo. Ukipita karibu hupanua kinywa, aah, yu tayari kuulizwa. Hajaulizwa bado.

Ngano yangu imefika ukingoni; mwenye swali akamuulize Kiboko.

Nanyi wanangu, shikeni funzo: tafuteni vyeo vikubwa! Mwenye cheo kikubwa hapati usumbufu wa mtu yeyote.