Mtungi wa Zimwi Mjane

Sogeeni, wenzangu, ngano inapita, na asiyeisikia ataiomba kwa jirani.

Hapo kale zimwi mmoja alifiwa na mkewe, na baadaye mtungi wa marehemu ukavunjika. Tangu hapo hakuna maji yaliyomkata kiu. Akawaita wafinyanzi waliokuwa wakimfanyia kazi mkewe wamfinyangie mwingine, kwa udongo wa mlimani, udongo unaosikia.

Siku ya kwanza aliwafokea: "Upesi, wavivu ninyi!" Mtungi ukapasuka tanurini. Siku ya pili aliwasimamia kwa fimbo. Mtungi ukapasuka. Siku ya tatu aliapa kumla atakayekosea. Mtungi ukapasuka kabla ya kuonja moto.

"Nitawatafuna nyote!"

"Tutafune, bwana," akasema Mwanahija, mfinyanzi mwenye ulimi mkali. "Ukishashiba, nani atakufinyangia? Mkeo alikuwa akituuliza."

"Akiuliza nini?"

"Si ujaribu kuuliza mwenyewe?"

Zimwi akataka kunguruma, lakini koo lilikuwa kavu. Akaitupa fimbo, akaketi chini kama wao.

"Mama Mwanahija," akasema polepole, "udongo wa leo ukoje?"

"Mkavu kidogo."

"Basi... nikateke maji?"

Wafinyanzi wakacheka hadi machozi: zimwi na ndoo kichwani! Wakafinyanga huku wakitaniana, na udongo ukasikiliza.

Mtungi ukatoka tanurini mzima. Zimwi akautia maji, akanywa, kiu ikakatika. Kisha akampa Mwanahija kata ya maji.

"Kesho mtahitaji nini?" akauliza.

Ngano yangu nimeiacha mtungini; mwenye kiu na achote.