Siwema Aliyepotewa na Usingizi

Paukwa!

"Pakawa!"

Aliyeshiba?

"Asogee motoni!"

Anayesinzia?

"Asikilize hivyo hivyo!"

Hapo zamani za kale, katika bonde la mpunga, palikuwa na binti mmoja jina lake Siwema. Aliishi na mama yake, na mama alikuwa mgonjwa wa mgongo. Kuinama hawezi, kupanda ngazi hawezi. Kwa hiyo kulima alilima Siwema, kupalilia alipalilia Siwema, na mpunga ulipobeba masuke, kuamia alikwenda Siwema.

"Kuamia ni nini?" aliuliza Tunu, mdogo kuliko wote.

Ni kulinda shamba, Tunu. Mchana unafukuza ndege, usiku unafukuza nguruwe. Siwema alijenga dungu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ndefu. Akatoboa makopo, akayafunga kwenye kamba, akaizungusha kamba shamba zima. Mwisho wa kamba akajifunga kwenye kidole gumba cha mguu. Ndege wakishuka, anavuta mguu: kolo kolo kolo. Ndege wanaruka. Usiku nguruwe akigusa kamba, kidole kinavutwa, Siwema anaamka na kupiga debe. "Nenda kwenu!" Nguruwe anakwenda kwao.

Miezi mitatu alikaa juu kule. Mvua ilimnyeshea, mbu walimuuma, hakushuka. Wapita njia walisimama wakimtazama. "Huyu ni binti," walisema, "au ni jicho tupu?" Wenzake wote walipoteza mpunga. Siwema hakupoteza hata suke moja.

Siku ya mavuno alikuwa na haraka. Akaikata kamba kwa mundu, akashuka, akaanza kuvuna.

"Akaikata? Kwa nini asiifungue?" aliuliza Mkude.

Si nimesema alikuwa na haraka? Kumbuka hapo, Mkude, tutaparudia.

Mpunga ukaingia ghalani, mlango ukafungwa. Mama akasema, "Mwanangu, miezi mitatu umelala nusu nusu. Leo lala usingizi mzima."

Siwema akatandika mkeka, akajilaza, akafumba macho. Usingizi ukaja taratibu, ukinyata, kama nguruwe anavyokuja shambani. Ulipofika mlangoni, mguu wa Siwema ukashtuka. Usingizi ukakimbia. Akaimba. Imbeni nami:

*Usingizi, usingizi, umepita njia gani?*
*Mkeka nimetandika, mbona huingii ndani?*

Usiku wa pili vilevile. Usiku wa tatu vilevile. Akilala kidogo, anaamka, anakwenda kutazama ghala, anarudi. Siku moja alikuwa anatwanga, macho yakajifumba, mchi ukakosa kinu ukaanguka karibu na mguu wa mama.

Mama akauokota mchi polepole. "Siwema, mvua zinakuja. Zikikukuta hujalala, jembe atashika nani? Mimi siwezi. Tutakula nini mwakani?"

Siwema akajifunga kanga, akaenda kuutafuta usingizi wake.

Akamkuta Kuku bandani. "Shikamoo, Mama Kuku."

"Marahaba, mwanangu. Macho mekundu hivyo, umekuwa jogoo?"

"Sipati usingizi, Mama Kuku."

"Mnachelewa kulala nyie. Ingia humu kabla jua halijazama. Kichwa chini ya kwapa, basi."

Siwema akaingia bandani akijikunja, akaficha kichwa kwapani. Usingizi ukaja, ukinyata. Mguu ukashtuka, teke, ukuta wa banda ukalia.

"Binti," Kuku alisema asubuhi, "kichwa chako kililala vizuri. Mguu wako umewaamsha wanangu wote tisa. Nenda kajaribu kwingine."

*Usingizi, usingizi, umepita njia gani?*
*Mkeka nimetandika, mbona huingii ndani?*

Akamkuta Popo kwenye mfenesi. "Shikamoo, Babu Popo."

"Marahaba. Mbona umesimama kichwa juu?"

"Ndivyo tulivyo sisi. Babu, sipati usingizi."

"Utaupataje? Usingizi ni mzito, kwenu wote unazama miguuni. Ning'inia kama mimi, ushuke kichwani."

Siwema akapanda, akaning'inia kwa magoti. Na kweli, usingizi ukaanza kushuka, ukafika shingoni, ukafika masikioni. Mguu ukashtuka. Siwema akaanguka, pu!

Cheka, Tunu, hakuumia. Aliangukia majani.

Popo akamtazama. "Mguu mmoja ulikuwa umeshika tawi. Mwingine ulikuwa unafukuza. Unafukuza nini?"

"Sijui, babu," alisema Siwema, na kweli hakujua.

*Usingizi, usingizi, umepita njia gani?*

"*Mkeka nimetandika, mbona huingii ndani?*"

Akafika kwenye dimbwi lililokauka. Humo alikaa Kamongo, yule samaki anayejizika topeni kiangazi kizima akingoja mvua.

"Shikamoo, Mzee Kamongo."

"Sema upesi," ilijibu sauti kutoka chini. "Nimelala."

"Nifundishe na mimi."

"Kelele zote ziko juu. Shuka."

Siwema akachimba mpaka kwenye tope bichi, akajifunika mpaka shingoni. Tope lilikuwa baridi na zito. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na mbu. Usingizi ukaja bila hata kunyata. Lakini huko chini kidole kikatikisika, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Kamongo akafungua jicho. "Nimelala humu miaka mingi. Radi haijaniamsha, ng'ombe wakipita hawajaniamsha. Leo nimeamshwa na kidole gumba. Binti, wewe mzima umerudi nyumbani, kidole chako bado kiko kazini. Nenda kaoge."

Siwema akarudi kwa mama yake, tope mwili mzima, akakaa kizingitini akalia. Mama akaagiza maji kwa jirani, akaketi kwenye kigoda, akauweka mguu wa Siwema mapajani, maana kuinama hawezi. Akaosha goti, akaosha kisigino. Alipofika kwenye kidole gumba, akasita.

"Hii ni nini?"

Kilikuwa kitanzi cha kamba, kimekuwa cheusi, kimezama kwenye ngozi.

"Nilijua," alisema Mkude.

Ulijua, ndiyo. Siwema hakujua. Kitu ukishakizoea hukioni tena.

"Mpunga uko ghalani siku zote hizi," mama alisema, "na wewe bado unaamia."

Akaanza kukifungua. Siwema akauvuta mguu. "Mama, usifungue. Nguruwe wakija nitajuaje?"

Mama hakucheka. Hakumwambia nguruwe hawaji ghalani, hilo Siwema alilijua. Alikifungua kitanzi taratibu, fundo kwa fundo. Kisha akachukua kamba ndefu, ncha moja akaifunga kwenye mlango wa ghala, ncha ya pili akaifunga kwenye kidole chake mwenyewe.

"Kinachoniuma ni mgongo," alisema. "Kidole changu kizima. Leo naamia mimi."

"Utaamka, mama?"

"Ulipokuwa unanyonya, ulikuwa ukipumua vibaya tu naamka. Lala."

Siwema akajilaza. Usingizi ukaja, ukasimama mlangoni, ukasubiri mguu. Mguu ukatulia. Usingizi ukaingia, ukakaa.

Alilala usiku ule. Akalala kesho yake mchana, akalala na usiku wake. Kuku akaja kuchungulia, akatoka kwa ncha za vidole. Kila panya alipogusa kamba, mama alinong'ona gizani, "Nenda kwenu." Siku ya tatu Siwema aliamka, akaomba uji, akauliza jembe liko wapi.

Msimu uliofuata alijenga dungu jipya, fupi, la ngazi tatu tu, mama aweze kupanda. Mikeka miwili, kamba moja. Jioni waliulizana, "Leo kidole cha nani?" Mwaka ule ndege walikula masuke mawili, siku moja mama alipokuwa anacheka akasahau kuvuta kamba.

Siwema alikuwa hodari wa kulinda, na kwa hilo namsifu. Namsifu zaidi kwa siku aliyouacha mguu wake mapajani mwa mama ufunguliwe. Watoto, mkiona mtu anawalinda kila siku, mwambieni hata usiku mmoja: nipe kamba, lala.

Ngano yangu naitua hapa. Ondokeni polepole, Mkude. Tunu amelala.