Kipuri Kinatoka Mbali

Wahenga hawakuwahi kumiliki televisheni, lakini waliposema kwamba njia ya mwongo ni fupi, utadhani walikuwa wamekaa dukani kwa Fundi Waya wakimtazama. Maana ya methali hii haihitaji kamusi. Mwongo hujiona ana barabara pana mbele yake, akatembea kwa madaha huku akipiga mluzi. Kumbe hatua chache mbele kuna ukuta, na ukuta wenyewe kaujenga yeye. Asiyeamini na asome yaliyompata fundi huyu, kijana mzuri, asiye na ugomvi na mtu, ambaye nusura akose mke kwa sababu ya maiti ya kwenye tamthilia.

Fundi Waya alitengeneza vyombo vya umeme katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la kinyozi na la mshonaji. Pasi, feni, redio na birika zilipangwa mpaka darini, kila kimoja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Mikono yake ilikuwa hodari, hilo halina ubishi. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumsikia mtu akikosea jambo la tamthilia ya upelelezi akanyamaza. Umtukane, atacheka. Umkanyage, atakupa pole wewe. Lakini useme mbele yake kwamba dereva ndiye aliyeua, ilhali dereva alikuwa amelazwa hospitali tangu sehemu ya nne, hapo mtabishana mpaka pasi ya mteja iungue.

Basi fundi huyu alimpenda muuguzi wa zahanati ya mtaa, binti wa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu. Muuguzi naye alimpenda, tena bila kuficha. Barua ya posa ikapelekwa. Mwalimu akaisoma mara mbili kama anayesahihisha mtihani, akaikunja, akasema jibu atalitoa. Wiki hiyohiyo televisheni yake kubwa, zawadi aliyopewa na wanafunzi wake siku ya kustaafu, ikazima yenyewe. Mwalimu akamwita mposaji.

"Ichukue, Fundi," alimwambia. "Mimi simjui mtu kwa maneno yake, namjua kwa kazi yake. Siku televisheni itakaporudi ukutani kwangu, na jibu la posa litatoka."

Jamani, kuna mtihani mwepesi kuliko huo? Fundi aliifungua televisheni ile Jumamosi saa nane mchana, na saa tisa alikuwa amekwisha maliza. Ilikuwa fyuzi tu, ndogo kama punje ya mchele. Mtu mwenye akili zake angeibeba palepale akaenda kuchukua mke. Lakini Jumamosi saa kumi alasiri ndiyo saa ya "Ufunguo wa Tatu."

Tamthilia hiyo ilikuwa imeuteka mtaa mzima. Mwenye kiwanda cha sabuni kakutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Mpelelezi wake alikuwa mama mmoja mpole, Inspekta, mwenye desturi ya ajabu: akikaribia kumbana mtu, huvua viatu akavipanga sawasawa kando ya kiti. Inspekta akivua viatu, watazamaji huacha hata kutafuna. Kuna mtu amekwisha.

"Niijaribu tu," Fundi alijisemea, akaiwasha. Kinyozi akachungulia kutoka mlangoni, akaona sura ya Inspekta kubwa kama sinia, akamwacha mteja na nusu ya ndevu. Mshonaji akaja na futi yake shingoni. Akaja pia mzee mmoja aliyeitwa Rufaa, kwa kuwa hakuwahi kukubali hukumu yoyote iliyotolewa kwenye televisheni. Siku hiyo ndiyo siku ya mazishi ya tajiri. Wabebaji wakajikwaa, jeneza likaanguka, likafunguka. Ndani mlikuwa na mifuko ya mchanga. Sehemu ikaishia hapo.

"Lo!" Mshonaji alishika kichwa. "Mchanga? Sasa maiti iko wapi?"

"Napinga!" alisema Rufaa. "Tajiri hajafa."

"Fundi," kinyozi alisema, macho yamemtoka, "televisheni hii haitoki hapa mpaka tujue maiti iko wapi."

Jioni ile Mwalimu alipopiga simu, Fundi alisema, "Imebaki kipuri kimoja tu, Mwalimu. Kinatoka mbali."

Uongo huo ulimtoka kirahisi hata akajishangaa. Wiki ya pili tajiri alionekana akiwa hai, ananunua mkate, na Fundi akasema kipuri kimefika lakini si chenyewe. Wiki ya tatu ikabainika kwamba aliyenunua mkate si tajiri bali pacha wake. Mshonaji akakasirika sana. "Waandishi wakikwama huzaa pacha!" alilalamika. Wiki hiyo Fundi naye alikwama, na kwa kuwa hakuwa na pacha, akamfisha shangazi wa muuza vipuri. Mwalimu alisikitika kwa dhati. Akaandika barua ya rambirambi kwa mkono wake, akampa Fundi aifikishe. Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaisukumia nyuma ya kijitelevisheni chake kikuukuu rafuni.

Kusema kweli haikuwa tamthilia peke yake. Zamani watu walimjia kwa pasi tu, wakaondoka. Sasa kila Jumamosi dukani mwake mlijaa mabenchi, na yeye alikuwa mwenyekiti. Akisema "nyamazeni," watu walinyamaza. Utamu wa jambo hilo ulimlevya.

Siku moja muuguzi alipita akitoka zamu, amechoka, viatu vyake vyeupe vina vumbi. "Mama ananiuliza kila asubuhi," alisema. "Nimemwambia wewe si mtu wa maneno mawili. Nimeapa kwa ajili yako mbele yake."

Moyo ulimwuma Fundi, ulimwuma kweli. Alifungua mdomo akiri, kisha akakumbuka kuwa zimebaki sehemu mbili tu. "Wiki ijayo," akasema. Muuguzi akatabasamu, na tabasamu lile lilimkosesha usingizi.

Jumatano iliyofuata, sehemu ya mwisho ikisubiriwa Jumamosi, kinyozi na mshonaji walikuwa dukani wakichambua yaliyopita. Mara kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mwalimu, na mwavuli wake kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu!" wote watatu waliamkia kwa sauti moja.

"Marahaba. Nimepita kuulizia kipuri. Endeleeni na mazungumzo yenu, hata mimi naifuata tamthilia hiyo. Nalazimika kwenda kwa jirani, lakini naifuata." Akaketi kwenye benchi. "Na muuaji nimeshamjua. Ni wakili."

Fundi aliuma ulimi. Kinyozi akamkazia jicho la onyo.

"Ni wakili, hakuna mwingine," Mwalimu aliendelea taratibu. "Yule aliyeonekana kwenye kioo cha kabati akichukua ufunguo ndiye yeye."

"Labda," alisema Fundi, jasho likimtoka.

"Si labda. Mkono ule ni wa wakili."

Kinyozi alimkanyaga Fundi mguu, lakini wapi! Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. "Si wakili, Mwalimu, hata kidogo!" Fundi alipasuka. "Wakili hana pete! Mkono wa kwenye kioo ulikuwa na pete ya jiwe la kijani, na mwenye pete ile ni mhasibu! Hata ufa wa jiwe ulionekana, ufa mwembamba kama unywele!"

Mwalimu aliweka mwavuli wake chini. Kisha akainama, akavua kiatu cha kulia, akavua cha kushoto, akavipanga sawasawa kando ya benchi.

"Mungu wangu," kinyozi alinong'ona. "Amevua viatu."

"Mimi nilikiona kioo," Mwalimu alisema kwa upole. "Mkono niliuona kama kivuli tu. Pete sikuiona. Wewe umeona mpaka ufa wa jiwe la pete. Ulitazamia wapi, Fundi?"

"Kwenye... kale kangu kadogo." Akaonyesha rafuni, kwenye kijitelevisheni chenye kioo kidogo kama sahani.

"Vizuri. Na barua yangu ya rambirambi, yule mfiwa aliipata?"

"Aliipata, Mwalimu! Alilia sana."

"Maskini. Hebu kashushe hako kadogo, tukawashe."

Fundi alikivuta. Nyuma yake ikatoka bahasha, ikapepea, ikatua karibu kabisa na vidole vya Mwalimu, haijafunguliwa, imeandikwa kwa wino mwekundu. Mshonaji alijifunika uso kwa futi yake. Mwalimu hakuiokota. Alingoja mpaka kijitelevisheni kikawaka, chenga tupu, na katikati ya chenga mtangazaji mweusi na mweupe.

"Hiki hakina rangi," Mwalimu alisema. "Ukijani wa jiwe uliuonaje?"

"Darasani kwangu, mtoto akileta jibu bila kuonyesha njia, alipata sifuri. Hebu mimi nionyeshe njia yangu. Haya mabenchi manne hayatazami meza yako ya kazi. Yanatazama kona ile, penye shuka la maua. Watu wanaotazama shuka kila Jumamosi ni wagonjwa, na binti yangu angenieleza."

Akanyanyuka, peku, akalivuta shuka. Televisheni yake ikatokea, safi inang'aa. Kinyozi, bila kuambiwa, alitoa rimoti kwenye mfuko wa koti lake la kazi akamkabidhi kwa mikono miwili. Msaliti hana haya! Picha ikaja, kubwa, yenye kila rangi.

"Ilipona lini?"

"Siku ya kwanza, Mama," Fundi alijibu. "Ilikuwa fyuzi tu. Nisamehe. Nimekosa, sina la kujitetea."

"Televisheni ni chombo tu," alisema Mwalimu, akivaa viatu. "Lakini binti yangu aliapa kwa ajili yako. Kiapo chake umekifanya nini?"

Fundi alilia. Hata Rufaa, aliyekuwa amefika mlangoni na kusikia yote, safari hii hakukata rufaa.

"Jumamosi saa tisa iwe ukutani kwangu," Mwalimu alihukumu. "Nyinyi wengine karibuni mtazame mwisho. Na wewe, Fundi, uje na ngazi."

Siku ilipofika, televisheni ilitundikwa sebuleni, watu wakajaa mpaka dirishani. Fundi alikuwa akitafuta mahali pa kukaa, Mwalimu akamwonyesha juu. "Panda paani, ushike antena. Usiiachie mpaka nikuite."

Akapanda. Alasiri ile jua lilikuwa na hasira zake. Fundi alikumbatia mlingoti wa antena kama mtoto aliyempata mama yake sokoni, huku chini yake sauti zikipanda. "Ameingia nani huyo?" "Amevua viatu! Inspekta amevua viatu!" Kisha kimya kirefu. Kisha nyumba nzima ikalipuka kwa ukelele, na Rufaa akasikika akisema, "Sipingi! Safari hii sipingi!"

"Nani?" Fundi alipiga kelele. "Ni mhasibu? Jamani, nani?"

Aliyetoka alikuwa muuguzi, na kikombe cha maji. Alipanda vidato vinne vya ngazi, akamnyooshea.

"Sikuumia kwa televisheni," alimwambia. "Niliumia kwa sababu niliapa kwa ajili yako."

"Najua. Sitakuaibisha tena, hata kwa jambo dogo kama punje ya mchele."

Muuguzi alimtazama alivyoungua pua, akashindwa kujizuia, akacheka. "Haya, kunywa maji. Na ushike antena."

Mwalimu alipomwita hatimaye, Fundi aliteremka. Jicho lake la ufundi likaufuata waya wa antena kutoka paani, ukashuka ukutani, ukafika dirishani, na hapo ukaning'inia kwenye msumari. Haukuunganishwa na kitu chochote.

"Mama," alisema polepole, "waya huu..."

"Nilikuambia nini?"

"Nishike antena."

"Nilikuambia imeunganishwa?"

"Hapana."

"Basi mimi sijamdanganya mtu."

Sebule ikacheka mpaka kinyozi akaanguka kwenye mkeka. Fundi naye alicheka, maana kulia alikwisha lia. Kisha akasimama wima, akashika kofia yake mikononi. "Mama, naomba kujua mambo mawili tu. Nani alimuua tajiri? Na jibu la posa yangu?"

Kinyozi alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama. Kinyozi akaufunga.

"Majibu yote mawili yapo tayari, mwanangu," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza alimwita hivyo, hata muuguzi akageuza uso kuficha furaha. "Tatizo ni kipuri. Kimebaki kimoja tu, na kinatoka mbali. Rudi baada ya wiki tatu."

Fundi Waya alibeba ngazi yake begani akashika njia ya kurudi dukani, pua imeungua na muuaji hamjui, na kila aliyekutana naye alimwuliza kama kipuri kimefika. Hakumjibu mtu, kwa maana alijua sasa, kuliko mtu yeyote mtaani, kwamba njia ya mwongo ni fupi.