Harufu Chini ya Nyayo za Kima

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa ya mlimani, kwenye ukungu!

Pakawa, twasikiliza!

Hapo zamani za kale, mawingu yalipokuwa yakishuka kulala msituni, Paa Mdogo aliishi na bibi yake. Bibi haumwi jino, haumwi mguu. Hali chakula tu. Uji, hali. Majani mabichi, hali. Akakonda, akakonda, mpaka upepo ukipita unamyumbisha.

"Bibi, kula basi. Utaniacha na nani?"

"Mjukuu wangu, kinywa kichungu, tumbo limejaa upepo. Ningepata uji wa iliki, ningejaribu."

Paa akashika njia. Nyata, nyata, nyata, ndani ya ukungu, kama anayetembea usingizini. Akafika shamba la Kima. Migomba? Hapana. Iliki tupu, majani marefu yakidondosha umande, to, to, to.

"Hodi, Mjomba Kima! Naomba iliki kidogo. Bibi hali."

"Iliki?" Kima akafoka kutoka mtini. "Mimi mwenyewe sijaiona! Kila siku natazama juu. Embe huzaa juu. Zambarau huzaa juu. Hii imezaa nini? Majani! Leo naing'oa yote!"

Akaruka chini, pwacha! Harufu ikapanda, tamu, ya ubaridi, kama ndoto inayokumbukwa asubuhi.

"Mjomba, husikii harufu?"

"Naisikia kila siku. Inatoka mawinguni."

Pwacha, pwacha! Harufu ikazidi. Paa akainamisha pua mpaka udongoni. Moyo ukamdunda.

"Mjomba, inua mguu."

"Unamwamuru nani, wewe miguu njiti?"

"Shikamoo, Mjomba. Inua mguu."

Kima akainua. Lo! Pale shinani, kwenye vikonyo vinavyotambaa chini, iliki zimepondeka. Akatazama nyayo zake. Kijani kitupu.

Wakapapasa pamoja, wakapata konzi moja iliyosalimika.

"Chukua yote," Kima akasema.

"Na wewe, Mjomba?"

"Nitangoja nyingine. Nikiwa nimekaa."

Nyumbani, Paa akatwanga, tu, tu, tu. Uji ukatokota. Mvuke ukamzunguka Bibi, akafumba macho. Akanywa funda. Akanywa jingine.

"Bibi?"

"Kibakuli hiki kidogo, mjukuu wangu. Lete chungu."

Basi, wakubwa kwa wadogo: atazamaye juu tu huikanyaga riziki iliyo chini. Hadithi yangu imeishia hapo, ukungu umeifunika. Harufu nawaachia ninyi.