Taa Moja ya Kona

Ngano hii aliitoa kwanza bibi yetu, Nyamizi binti Kasanda, mwaka wa 1968, mvua zilipokuwa zinakatika, tukiwa tumekaa tunamenya karanga. Naitoa kama alivyoitoa.

Paukwa!

Pakawa! Itikieni vizuri, na wakubwa pia.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu baiskeli zilikuwapo, wanyama walikuwa na mji wao kando ya mto. Bibi hakuutaja mto, nami sitautungia jina. Mji ulikuwa na njia ya baiskeli. Ilitoka kwenye kinu cha unga, ikafuata ukingo wa mto, ikapinda kona moja juu ya korongo, ikaingia mjini. Mchana ilikuwa njia nzuri. Usiku ilikuwa giza tupu.

Aliyeipita usiku ni Kalunguyeye. Mnamjua: mdogo, ana miiba mgongoni, miguu mifupi. Kazi yake ilikuwa kusaga unga usiku. Alisaga, akafunga gunia kwenye keria, akapanda baiskeli. Kiri-kiri-kiri. Mji ulipoamka, unga upo mlangoni. Watoto wakanywa uji. Akipita aliimba:

*Zunguka gurudumu, zunguka,*
*unga nyuma, nyumba mbele,*
*zunguka.*

Kwenye mti wa ile kona aliishi Popo na watoto wake. Popo na Kalunguyeye walikuwa marafiki. Wote wawili wa usiku, wote wawili wana watoto. Kalunguyeye akifika pale hupiga kengele, ng'ring', na Popo hujibu kutoka juu, "Pita salama, mwenzangu!"

Mwaka huo mvua ilikula ukingo wa kona. Leo kipande, kesho kipande. Mjini yakazuka maneno: tuweke taa kwenye njia ya baiskeli au tusiweke?

Mwenyekiti alikuwa Ngiri. Ngiri usiku hulala, tena hukoroma. Akatangaza: mkutano ni adhuhuri.

Kalunguyeye akamwambia Popo, "Adhuhuri mimi sijiwezi. Nikikaa tu, nimelala. Wewe utakwenda?"

"Nitakwenda. Macho yataniuma, lakini nitakwenda."

"Basi nipelekee neno langu. Sitaki taa njia nzima. Njia naijua kwa tairi. Nataka taa moja, pale konani, niuone ukingo. Moja tu."

"Na ile taa ya dinamo, inayozungushwa na gurudumu, je?"

"Dinamo inakaba tairi, mwenzangu. Kwa gunia lile na miguu hii? Ningefika na unga saa ya chakula cha mchana!"

Wakacheka. Popo akasema, "Taa moja. Nimesikia."

Adhuhuri ikafika. Popo akaning'inia kwenye dari la banda la mkutano, macho kayafumba nusu.

Akasimama Kanga, madoadoa yake yameoshwa yanang'aa. "Mwenyekiti! Taa njia nzima! Nguzo kwa nguzo, toka kinuni hadi mjini! Wageni wakija waseme, huu ndio mji!"

"Wewe Kanga," akasema Fisi, "jua likizama uko kwenye kiota. Hizo taa utaziota?" Fisi naye ni wa usiku, lakini ili kulitetea giza lake siku hiyo alikesha mchana. "Hapana taa. Hata moja. Anayetaka mwanga afunge dinamo!"

"Unaficha nini gizani, ndugu Fisi?" akauliza Kanga.

"Naficha uso wangu usikutishe, mama."

Banda likalipuka kwa kicheko. Wengine wakapiga kelele, "Njia nzima!" Wengine, "Hata moja!" Njia nzima! Hata moja! Njia nzima! Hata moja!

Popo alisikiliza. Akawaza: nikisema moja, Kanga ataidaka. Moja itazaa mbili, mbili zitazaa njia nzima. Mwanga utaingia mtini kwangu. Wadudu watahamia kwenye taa. Wanangu watakula nini?

Ngiri akauliza, "Kuna neno lingine?"

Popo akafungua mdomo. Akaufunga.

"Kuna neno lingine?"

Popo akafungua mdomo. Akaufunga.

"Kwa mara ya mwisho, kuna neno lingine?"

Popo akajifunika mabawa.

Wakainua mikono. Wa Fisi wakawa wengi. Taa hakuna.

Jua lilipozama Kalunguyeye akaja chini ya mti. "Wamesemaje?"

"Wamekataa," akasema Popo.

"Hata ile moja?"

Popo akatazama pembeni. "Wamekataa."

"Haya. Wakubwa wamesema. Nitapita polepole."

Akapita polepole. Siku ya kwanza akapita. Siku iliyofuata akapita. Kisha ikanyesha mvua kubwa, na ukingo ukamong'onyoka zaidi. Kalunguyeye akaja na gunia lake. Kiri-kiri-kiri. *Zunguka gurudumu, zunguka, unga nyuma*—

Poromoko. Puu!

Popo akasubiri kengele. Kengele haikulia. Akaita, "Mwenzangu!" Akaita tena. Akashuka korongoni. Unga ulikuwa umesambaa juu ya mawe, mweupe, na Kalunguyeye amelala katikati yake, amejikunja kama wenzake wanavyojikunja wakiogopa. Hakujikunjua tena.

Asubuhi hiyo watoto wa mji hawakunywa uji.

Ngiri akaita mkutano. Haukuanza vizuri. Kanga akasema, "Si nilisema? Njia nzima!" Fisi akasema, "Si nilisema? Dinamo!" Wakaanza upya, njia nzima, hata moja, huku watoto wawili wa Kalunguyeye wamekaa pale pale mbele yao.

Popo akaachia dari, akatua chini, mahali ambapo popo hatui.

"Nyamazeni," akasema. "Kalunguyeye hakutaka njia nzima. Alitaka taa moja, ya kona. Alinituma niwaambie. Sikuwaambia. Akaniuliza, nikamjibu kwamba mmekataa."



Kanga akasema kwa sauti ndogo, "Moja? Mimi ningeikubali."

Fisi akakuna shingo. "Ya ile kona? Hiyo hata mimi ningeinyooshea mkono. Nani angekataa hiyo?"

 

Taa wakaiweka siku ile ile, wala hawakubishana. Mwanga wake haukufika hata kwenye tawi la chini la mti wa Popo.

Basi, wadogo kwa wakubwa, ngano inafundisha hivi: ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa, hata kama linakutia hofu. Na ninyi mnaokaa kuamua habari ya njia, muulizeni kwanza anayeipita, tena saa ambayo yuko macho.

Ngano ya bibi nimeifikisha, na mwisho wake ni hapa.

Ngiri alikufa kwa uzee. Kanga alikufa akiwa kiotani. Fisi yuko hai. Watoto wa Kalunguyeye wako hai wote wawili, ni watu wazima, na unga wanausaga mchana. Popo naye yuko hai, ila tangu siku ile hakuna anayemtuma neno.