Mabungo Matatu kwa Kila Kinywa

Paukwa, enyi mlioketi!
Pakawa, twakusikiliza!

Zamani, mawe yangali laini, ukoo wa Nungu na ukoo wa Nguchiro waliishi kwa Mwinyi Pimbi, mwenye jabali. Jabali lilikuwa na mapango mawili: kubwa kavu, na dogo lenye kuvuja. Kila masika, ukoo ulio na wengi hupewa pango kubwa. Lakini kuhesabu vichwa kulikuwa mwiko. Anayehesabiwa, walisema, hupungua.

Bi Nguchiro alikuwa na wachanga, macho hayajafumbuka. Akatazama mawingu, akatazama wanawe.

Siku ya karamu ya masika ikafika. Wenye meno wote wakaenda porini kuchuma matunda. Kila nungu akaleta mabungo sita, ndiyo nguvu yake. Kila nguchiro akaleta mawili, ndiyo nguvu yake. Wakamwaga, pu! pu! pu! Lundo likawa moja. Kisha wakapita kwa zamu, kila mmoja bungo moja. Wakapita tena. Wakapita mara ya tatu. Lundo likaisha, kwisha kabisa.

Mzee Nungu akatikisa miiba, chaka-chaka-chaka! "Mwinyi, sisi tumeleta sita sita, hawa wadokozi mawili mawili. Wengi ni sisi. Pango letu!"

"Taratibu, Bwana Miiba," akasema Bi Nguchiro. "Umekula mangapi?"

"Matatu. Kwani hukuona?"

"Na ulileta sita. Mengine yamekwenda wapi?"

"Matumboni mwenu, walafi nyie!"

"Haya. Mimi nilileta mawili, nikala matatu. Nimeongezewa mangapi?"

"Moja tu."

"Basi matatu yaliyokutoka wewe yamewaongezea nguchiro wangapi?"

Nungu akakunja vidole, kimoja, viwili, vitatu. Miiba ikalala.

"Watatu!" akacheka Mwinyi Pimbi.

"Watatu kwa kila nungu, Mwinyi. Tungelingana idadi, kila mmoja angekula manne, katikati ya sita na mawili. Tumekula matatu, karibu na mawili yetu, mbali na sita yao. Fungu limeegemea kwetu, kwa kuwa sisi ndio wengi. Wala sijahesabu kichwa cha mtu!"

"Pango kubwa ni lenu," akakata shauri Mwinyi.

Mvua ikaanza, to! to! to! Nguchiro wakaingia, wachanga vinywani. Wakaingia, wakaingia, wakaingia.

"Lo! Kumbe wamejaa hivi!" akanong'ona Nungu, maji yakimchuruzika miibani.

Funzo, wakubwa kwa wadogo: ukitaka kuwajua walio wengi, usisikilize kelele, usitazame mzigo wa mmoja. Tazama wastani wa wote umeegemea wapi. Huko ndiko waliko wengi.

Hadithi yangu naitua papa hapa.